Barua ya wazi kwa viongozi wa vyama vya siasa vya Uingereza: tuambieni kabla ya uchaguzi ni nani ataamua vita

Kwa:
Mheshimiwa Waziri Mkuu wa Uingereza,
Mheshimiwa Kiongozi wa Upinzani Bungeni,
Waheshimiwa viongozi wa vyama vyote vitakavyosimamisha wagombea katika uchaguzi mkuu ujao.

YAH: KURA YA BUNGE KABLA YA MAJESHI KUPELEKWA VITANI

Waheshimiwa,

Naandika barua hii hadharani kwa sababu zile zilizopita kwa njia ya kawaida hazikuzaa jibu. Mimi ni raia wa Tanzania, ninaishi na kufanya kazi katika mji mmoja wa Midlands, nalipa kodi, na sheria ya nchi hii inaniruhusu kupiga kura katika uchaguzi mkuu, kama inavyowaruhusu Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wenye kibali cha kuishi hapa, kwa kuwa nchi zetu ni wanachama wa Jumuiya ya Madola. Kwa nafasi hiyo ya mpiga kura nilimwandikia mbunge, kisha nikaziandikia ofisi za vyama, nikiuliza jambo moja tu: je, chama chenu kikishika serikali, bunge litapiga kura kabla ya majeshi kupelekwa vitani? Majibu yaliyorudi yalinishukuru kwa kuandika, yakanieleza kwamba bunge linaheshimiwa sana, yakamalizia kwa kunihakikishia kuwa usalama wa taifa ndio wajibu wa kwanza wa serikali yoyote. Vyama viwili ambavyo viongozi wake hurushiana maneno bungeni kila Jumatano saa sita mchana viliniletea barua ambazo, ukifunika nembo, huwezi kujua ipi ni ya nani.

Swali hilo sikulitunga mimi. Lilizuka kwa kinyozi, mahali ambapo wengi wetu tunaozungumza Kiswahili katika mji huu hukutana Jumamosi, na ambapo siasa za Westminster, yaani za bunge la Uingereza, na za Gaza, Ukraine na Sudan hujadiliwa kwa pamoja bila mwenyekiti. Mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Nakuru aliyeingia nchi hii mwaka 1968 na pasi ya Kiingereza mkononi, alikuwa akitueleza kwa nini safari hii atabadilisha chama. Kinyozi, ambaye ni mtu wa Bukavu, Kongo, nchi isiyo ya Jumuiya ya Madola, na kwa hiyo hana kura hapa, alizima mashine, akamwacha mteja na kichwa nusu kimenyolewa, akauliza: "Huyo unayemchagua, mzee, akitaka vita kesho asubuhi atakuuliza wewe, au atamuuliza hata mbunge wako?" Mzee akajibu kwamba bila shaka bunge lazima lipige kura. Kijana mmoja anayesoma sheria akamsahihisha kwa adabu kwamba hapana, si lazima. Ubishi uliofuata ulikuwa mrefu, na kijana ndiye aliyekuwa na haki. Yafuatayo ndiyo malalamiko yetu.

1. Uamuzi wa vita uko mikononi mwa mtu mmoja.

Hakuna sheria ya Uingereza inayomlazimisha Waziri Mkuu kupata idhini ya bunge kabla ya kupeleka majeshi. Anatumia mamlaka ya kifalme, yaani madaraka ya zamani ya Mfalme ambayo sasa yanashikwa na mawaziri. Sisi tunaotoka Afrika Mashariki tuna sababu ya kuyafahamu madaraka hayo. Vita dhidi ya Ujerumani vilipotangazwa kwa jina la Mfalme tarehe 4 Agosti 1914, babu zetu walijikuta ndani ya vita ambavyo hawakuvijua chanzo chake. Mapigano yalitembea Tanganyika nzima na nchi jirani hadi Novemba 1918, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi, njaa na kubebeshwa mizigo kupita kiasi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ingali katikati ya jiji, na maandishi yake ni ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Shukrani zilitolewa kwa lugha tatu. Ridhaa haikuombwa kwa hata moja. Asiyekuwapo na lake halipo.

Nakiri kwamba kuna desturi iliyojengeka tangu tarehe 18 Machi 2003, siku ambayo bunge liliidhinisha vita vya Iraq kwa kura 412 dhidi ya 149. Mwongozo wa Baraza la Mawaziri wa mwaka 2011 unaitambua: bunge lipewe nafasi ya kujadili kabla ya majeshi kutumwa, isipokuwa panapokuwa na dharura. Tarehe 29 Agosti 2013 desturi hiyo ilionyesha meno. Serikali ya David Cameron iliomba kuungwa mkono kuhusu Syria, ikashindwa kwa kura 285 dhidi ya 272, na Waziri Mkuu akakubali matokeo usiku uleule. Mwaka 2014 bunge liliulizwa kuhusu Iraq, na mwaka 2015 kuhusu Syria tena, na mara zote mbili serikali ilipata ilichoomba.

Lakini desturi hudumu kwa hisani ya mwenye nguvu. Tarehe 14 Aprili 2018 Theresa May, Waziri Mkuu wa chama cha Conservative, aliamuru mashambulizi ya anga nchini Syria. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na bunge lilikuwa linarudi kutoka likizo ya Pasaka Jumatatu iliyofuata. Januari 2024 Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa chama hichohicho, aliamuru kupigwa kwa vituo vya Wahouthi nchini Yemen. Spika na Kiongozi wa Upinzani walidokezwa, wabunge wengine walielezwa baada ya mabomu kuanguka. Tarehe 29 Aprili 2025, chini ya serikali ya chama cha Labour, ndege za Uingereza ziliipiga Yemen tena pamoja na Wamarekani, na Waziri wa Ulinzi akafika bungeni kesho yake kutoa taarifa. Ni vyama viwili tofauti vyenye utaratibu mmoja.

Siwatetei Wahouthi. Wao ndio walioanza kushambulia meli za biashara katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa mwaka 2023, na mizigo iliyokuwa ipite Suez kuja Mombasa na Dar es Salaam ikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ndugu zetu wafanyabiashara waliyaona hayo kwenye bei ya makontena. Inawezekana kabisa kwamba bunge lingeulizwa lingesema ndiyo. Tunacholalamikia ni kwamba halikuulizwa.

2. Ahadi za kurekebisha jambo hili zimetolewa na pande zote mbili, zikaachwa.

Tarehe 21 Machi 2011 William Hague wa Conservative, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliliambia bunge kwamba serikali itaweka katika sheria wajibu wa kulishirikisha bunge kabla ya vita. Siku hiyo wabunge walikuwa wakipigia kura operesheni ya Libya, iliyokuwa imeanza siku mbili nyuma. Aprili 2016 Michael Fallon, Waziri wa Ulinzi wa chama kilekile, akatangaza kwamba sheria hiyo haitatungwa.

Mwaka 2020 Keir Starmer, akigombea uongozi wa Labour, aliweka miongoni mwa ahadi zake kumi sheria ya kuzuia uingiliaji wa kijeshi usio na idhini. Januari 2024, baada ya mashambulizi ya Yemen aliyoyaunga mkono, alifafanua kwamba alikusudia kupelekwa kwa askari wa nchi kavu, si mashambulizi mafupi ya anga. Hata tukiukubali ufafanuzi huo, sheria ya askari wa nchi kavu nayo iko wapi? Haikuwamo katika Hotuba ya Mfalme ya tarehe 17 Julai 2024, hotuba iliyoorodhesha miswada mingi ya serikali yake mpya.

3. Wapiga kura huambiwa ukweli wa vita baada ya uchaguzi kupita.

Hili ndilo linalotukera kuliko yote, na naomba mlisome kwa makini.

Ushauri kamili wa kisheria kuhusu Iraq, ambao Mwanasheria Mkuu Lord Goldsmith aliuandika tarehe 7 Machi 2003 ukiwa na tahadhari nyingi, hawakuonyeshwa wabunge waliopiga kura siku kumi na moja baadaye. Wao walipewa maelezo mafupi yasiyo na shaka ndani yake. Ushauri wenyewe ulichapishwa tarehe 28 Aprili 2005, baada ya kuvuja, ikiwa imebaki wiki moja kufika uchaguzi wa tarehe 5 Mei. Uchunguzi wa Sir John Chilcot kuhusu vita hivyo ulitangazwa mwaka 2009 na ripoti yake yenye maneno milioni 2.6 ikatoka tarehe 6 Julai 2016. Humo ndimo tuliposoma barua ambayo Waziri Mkuu Tony Blair alimwandikia Rais George Bush wa Marekani Julai 2002, miezi minane kabla ya kura ya bunge, akimwambia kwamba atakuwa naye liwalo na liwe. Humo pia ndimo lilipoandikwa hitimisho kwamba njia za amani hazikuwa zimekwisha wakati Uingereza ilipoingia vitani. Hesabuni, Waheshimiwa: kati ya uvamizi na ripoti, wananchi walifanya chaguzi kuu za 2005, 2010 na 2015. Askari 179 wa Uingereza walikufa Iraq, na Wairaki waliokufa ni wengi mno hata idadi yao inabishaniwa mpaka leo. Mtu aliyetaka kuutumia ukweli huo kuchagua au kukataa alikuta waamuzi wa vita hivyo wamekwisha kustaafu.

Mtasema hayo ni ya zamani. Basi tuje karibu. Februari 2022 mtumishi wa Wizara ya Ulinzi alituma faili kwa njia isiyo salama, likavujisha taarifa za Waafghani karibu 19,000 walioomba kuhamishiwa Uingereza kwa kuwa walifanya kazi na majeshi yake. Serikali iligundua Agosti 2023. Mwezi uliofuata ilipata mahakamani zuio kali kiasi kwamba haikuruhusiwa hata kutaja kuwa zuio hilo lipo. Aprili 2024 ikaanzishwa njia ya siri ya kuwahamisha baadhi ya watu hao kwa gharama ya mamia ya mamilioni ya pauni. Tarehe 4 Julai 2024 nchi nzima ikapiga kura. Zuio liliondolewa tarehe 15 Julai 2025, na hapo ndipo tulipojua kwamba hata kamati ya bunge inayosimamia idara za ujasusi haikuwa imeambiwa.

Naelewa kwamba maisha ya watu yalikuwa hatarini, na jaji aliyetoa zuio la kwanza alikuwa na sababu nzito. Nisichoelewa ni jinsi siri hiyo ilivyovushwa juu ya uchaguzi mkuu mzima, huku wagombea wakisimama majukwaani kugombana kuhusu idadi ya wakimbizi, bila mbunge hata mmoja wa kamati husika kuaminiwa. Wapigaji kampeni waliokuja kugonga milango yetu mwezi ule walituuliza tunaonaje suala la wahamiaji. Tuliwajibu bila kujua kilichokuwa kikiendelea, na nadhani wao pia hawakujua.

4. Gharama za ulinzi hupangwa bila wananchi kuulizwa nani alipe.

Ilani ya Labour ya mwaka 2024 iliahidi kurudisha misaada ya maendeleo kwenye asilimia 0.7 ya pato la taifa hali ya fedha itakaporuhusu. Februari 2025 serikali ikatangaza kinyume: misaada ishuke kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ifikapo 2027 ili matumizi ya ulinzi yafike asilimia 2.5. Anneliese Dodds, waziri wa maendeleo, alijiuzulu kwa sababu hiyo. Yawezekana Ulaya ya leo inahitaji silaha zaidi. Urusi imelithibitisha hilo. Lakini waliokatiwa ni zahanati na kambi za wakimbizi za nchi tunazozijua kwa majina ya vijiji, na uamuzi huo haukuwamo katika kitu chochote tulichopigia kura.

Waheshimiwa, tumeshazisikia sababu mnazotoa, nami nazijibu hapa ili zisirudi tena kwenye barua zenye nembo.

Mnasema vita havingoji mjadala. Dharura tunaikubali, na ndiyo maana hatuombi kura kabla ya kujibu shambulio. Ujerumani ina sheria tangu 2005 inayotaka idhini ya bunge, nayo ina utaratibu wa dharura ndani yake. Katiba ya Ufaransa inaipa serikali siku tatu kulijulisha bunge, na operesheni ikizidi miezi minne lazima ipate kibali. Katiba ya Kenya ya 2010 haimruhusu Rais kutangaza vita bila idhini ya bunge. Ya kwetu Tanzania, ibara ya 44, inataka bunge liitishwe ndani ya siku kumi na nne baada ya tangazo la vita. Sidai kwamba katiba hizo hufuatwa kikamilifu kila siku, kwani tunazijua nchi zetu. Nasema tu kwamba nchi zilizotawaliwa kutoka London zimeandika jambo ambalo London yenyewe imeshindwa kuliandika.

Mnasema mipango ya kijeshi ni siri. Bunge halihitaji kujua ndege itaruka saa ngapi. Linahitaji kujua lengo la vita, uhalali wake na dalili za kumalizika kwake. Mwaka 2015 Syria ilijadiliwa bungeni kwa zaidi ya saa kumi, na hakuna rubani aliyedhurika kwa hotuba.

Mnasema uchaguzi huamuliwa na bei ya umeme na foleni za hospitali. Waulizeni wagombea wa mwaka 2024. Leicester South, jimbo ambalo Labour ililiona kama lake, lilimwangusha mgombea wake, Jonathan Ashworth, kwa tofauti ya kura 979 na kumpa ushindi mgombea binafsi, Shockat Adam, kwa sababu ya Gaza. Blackburn, Birmingham Perry Barr, na Dewsbury na Batley yalifanya vivyo hivyo. Watu walitumia kura yao kuzungumzia vita kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine. Wapo wanaolichukulia hilo kama jambo la Waislamu peke yao, na hapo wanakosea. Kwa kinyozi wetu, mbishi mkubwa kuliko wote juu ya Gaza ni mlokole wa Kisumu.

Hoja yenu iliyo nzito ni nyingine, na naiheshimu: kwamba kura ya bunge haizuii makosa. Iraq ilipigiwa kura. Libya ilipitishwa kwa kura 557 dhidi ya 13, na miaka mitano baadaye kamati ya bunge lilelile ikaandika ripoti kali juu ya msingi wa uamuzi huo. Ni kweli. Hata hivyo kura huacha majina. Tunajua nani walikuwa miongoni mwa wale 149 walioikataa vita ya Iraq, tunajua kwamba Robin Cook alijiuzulu uwaziri siku moja kabla, na kila mbunge wa wakati ule aliyerudi kuomba kura aliulizwa alisimama upande gani. Kwa mashambulizi ya 2018, 2024 na 2025 mbunge wako anaweza kukuambia lolote, kwani hakuna kumbukumbu ya kumsuta.

Na kama yupo anayejiuliza Mtanzania ana haki gani ya kuyasema haya, jeshi la Uingereza huandikisha vijana kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, Kenya ikiwamo. Wakipelekwa vitani, hawatakwenda kama wageni.

Kwa hiyo tunaomba kila chama kiweke katika ilani yake ya uchaguzi mkuu ujao, ambao kwa sheria iliyopo hauwezi kuvuka Agosti 2029, ahadi zifuatazo kwa maneno yasiyopindika.

Kwanza, sheria itakayolazimu kura ya bunge kabla ya majeshi kutumwa katika mapigano nje ya nchi, iwe kwa ardhi, anga, bahari au ndege zisizo na rubani. Sheria hiyo iwahusu pia askari wa Uingereza waliopachikwa katika majeshi ya washirika, maana Julai 2015 ilibainika kwamba marubani wetu walikuwa wameshashiriki mashambulizi ya Syria chini ya amri za nchi nyingine wakati bunge lilikuwa limekataa. Panapokuwa na dharura, bunge liitishwe ndani ya siku saba hata kama liko likizo, na likikataa, operesheni isimamishwe. Pili, ushauri wa Mwanasheria Mkuu uwekwe mezani pamoja na mashaka yake kabla ya kura. Tatu, serikali yoyote inayopata zuio la siri mahakamani kuhusu jambo la kijeshi iwaambie wajumbe wa kamati ya ujasusi, na zuio hilo lipitiwe upya na jaji kabla ya kampeni za uchaguzi mkuu kuanza. Nne, chama kinachotaka kuongeza matumizi ya ulinzi kitaje katika ilani kitakachokatwa.

Kama chama chenu hakikubali mojawapo ya haya, tafadhali kiseme hivyo kwa maandishi na kutoa sababu. "Hapana" iliyo wazi tutaipokea kwa heshima kuliko aya nyingine ya shukrani. Nakala za barua hii zimetumwa kwa posta kwa makao makuu ya kila chama, na majibu yatakayofika kabla ya siku ya mwisho ya kurudisha fomu za wagombea yatachapishwa kwa Kiswahili na Kiingereza, yakiwa kamili na bila kuhaririwa. Chama ambacho hakitajibu kitaandikwa hivyo mbele ya jina lake.

Wenu kwa heshima,

Mpiga kura, raia wa Tanzania mkaazi wa Uingereza,
kwa niaba yangu na ya wenzangu walioniomba niandike.